Hasira za Dogo, na Zangu

Wadau, leo naomba mniwie radhi. Sina habari ya baraza la madiwani, sina habari ya ajali ya Mlima Iwambi, wala sina umbea wa mjini. Nina habari ya kijana mmoja na mpira wa kikapu. Nimeanza kuiandika mara tatu na mara tatu nimeiacha njiani, kwa sababu ndani yake kuna kosa langu. Sisi waandishi tuna ugonjwa huo: makosa ya watu tunayapeleka ukurasa wa kwanza, ya kwetu tunayaita masahihisho na kuyabana kwenye kona ya ndani kwa herufi ndogo.

Kijana mwenyewe nitamwita Dogo. Jina lake linabaki kwake.

Nilifika Mbeya mwaka 2021, gazeti liliponipangia huko. Chuoni nilikuwa mchezaji wa kawaida sana, yule anayeingizwa timu ikiwa imeshaongoza kwa pointi 20 au imeshaachwa kwa pointi 20. Lakini mtaani, mtu aliyewahi kuvaa jezi ya chuo ni mtaalamu. Siku moja nilikwenda kwenye uwanja mmoja wa saruji kutafuta habari ya kujazia ukurasa wa michezo, nikawakuta vijana kumi na wawili wanagombea mpira mmoja uliokwisha vipele. Mmoja akaniuliza, "Bro, wewe unajua sheria?" Nikasema najua. Kuanzia siku hiyo nikawa kocha. Hakuna barua, hakuna posho.

Timu ilikuwa mchanganyiko: wanafunzi wa sekondari, fundi pikipiki wa Mwanjelwa, bodaboda wawili, na mmoja aliyekuwa anasubiri matokeo ya kidato cha sita. Mazoezi yalikuwa Jumamosi na Jumapili asubuhi. Anayeijua Mbeya ya Juni na Julai anajua ninachosema: baridi inashuka kutoka Loleza, mpira unakuwa mgumu kama jiwe, na ukikugonga kidole unamkumbuka mama yako. Ringi hazikuwa na nyavu, kwa hiyo kila mara kulikuwa na kesi, mpira umeingia au umepita pembeni?

Dogo alikuja mwanzoni mwa mwaka 2022. Alikuwa na miaka 17, kidato cha tatu, mrefu, mwembamba, anatumia mkono wa kushoto. Kabla ya hapo alikuwa golikipa. Nilimpa mpira nione anavyodribo, akanipita. Nikasema labda nilizembea. Nikasimama vizuri, akanipita tena. Mara ya tatu hakunipita, alisimama hatua moja mbele yangu, akaruka, akatupa, ukaingia kesi bila kuwepo kesi.

Mnajua jinsi tulivyo. Tangu Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009, Mtanzania wa kwanza kufika NBA, kila kijana mrefu nchini ameshaambiwa ataenda Marekani. Na mimi nilimwambia Dogo hivyo hivyo, wiki ya kwanza. Leo naona aibu, maana sikumwambia kwa ajili yake. Nilimwambia kwa ajili yangu, nijisikie kocha aliyegundua kitu.

Tatizo lilijitokeza wiki ya pili. Mwenzake alimnyima pasi, Dogo akaenda kukaa nje ya uwanja, mgongo ametupa, machozi yanatiririka bila sauti. Wiki ya tatu alipiga mpira teke ukavuka ukuta, tukatumia nusu saa kumbembeleza mwenye nyumba. Kwenye mechi ya kwanza ya kirafiki mwamuzi alimwambia ametembea na mpira. Kweli alitembea, mita mbili nzima. Badala ya kumkabidhi mpira akamrushia kifuani. Tekniko.

Kwa wasiofuatilia mchezo huu: tekniko ni faulo ya utovu wa nidhamu. Wapinzani wanapewa mtupo mmoja huru, na faulo hiyo inahesabiwa katika zile tano ambazo zikitimia unatoka. Ukipata tekniko mbili unafukuzwa kabisa, unatakiwa uende chumba cha kubadilishia nguo au uondoke eneo la uwanja. Kwetu chumba hakuna. Unatoka getini.

Nikaanza kumtibu. Dawa yangu ya kwanza ilikuwa pushapu: kila hasira, pushapu 20. Akazipiga zote na akawa na mabega mazuri, hasira pale pale. Dawa ya pili ilikuwa benchi: akikasirika namtoa, hachezi tena siku hiyo. Dawa ya tatu ilikuwa mawaidha. "Dogo, kipaji bila nidhamu ni kazi bure." "Dogo, hasira hasara." Nilikuwa na methali za kutosha kujaza kanga za duka zima.

Wenzake nao walikuwa na dawa yao. Baba yake Dogo ni Mhehe wa Iringa, mama ni Mnyakyusa. Na mnaujua utani wetu dhidi ya Wahehe, kwamba Mhehe ukimuudhi kidogo tu anatafuta kamba. Kwa hiyo kila Dogo aliponuna, mmoja lazima apige kelele: "Ficheni kamba!" Timu nzima inaanguka kwa kicheko. Na kocha pia alicheka, nisijifiche. Utani wa makabila ni mali yetu, umetuunganisha na sitaki ufe. Lakini siku hizi huo mmoja ukitajwa nanyamaza. Tunamcheka mtu aliyefika mwisho wa uvumilivu wake, na katikati ya kicheko hicho hakuna anayeuliza alikuwa amebeba nini.

Kuna jambo jingine ambalo sikuliona wakati ule. Hasira ya Dogo nilikuwa naitaka. Timu ikiwa nyuma robo ya nne nilimnong'oneza, "Wamekudharau hao, waonyeshe." Anaingia kama moto wa nyika mwezi wa kumi, anafunga pointi kumi, nashangilia. Yaani nilikuwa nauwasha moto ninapoutaka, halafu nampigisha pushapu kwa sababu umeunguza na jirani. Mimi mwenyewe niliwahi kupewa tekniko kwa kumfokea mwamuzi, mwezi wa tano mwaka ule. Hakuna aliyenipigisha pushapu.

Sasa twende Iringa.

Julai 2022 tulialikwa mechi ya kirafiki mjini Iringa. Tulichanga, tukakodi Coaster, tukaondoka Mbeya saa 11 alfajiri. Ni zaidi ya kilomita 300: Uyole, Igurusi, Chimala, Igawa, unapanda hadi Makambako, halafu Mafinga na ile misitu ya misonobari ya Sao Hill, Ifunda, Tanangozi, mpaka unashuka Ipogolo kwenye mto na kuanza kuukwea mlima kuingia mjini. Dogo alikaa siti ya mbele na hakulala njia nzima. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Vijana wakamtania, "Unaenda kuoa?" Akatabasamu tu. Nilishangaa kuona Dogo anataniwa na anatabasamu.

Tulipofika wenyeji wakatupokea kwa "Kamwene!" na chai na viazi. Mechi ikaanza saa 9 alasiri, watu wamejaa ukutani. Robo ya kwanza Dogo alikuwa mtu mwingine. Alifunga pointi 11, alitoa pasi, alimwinua mpinzani aliyeanguka. Nikajisemea, dawa imeingia.

Robo ya pili akaanza kuangalia geti. Mpira uko huku, yeye macho getini. Akapoteza mpira mmoja, akapoteza wa pili. Mimi pembeni ya uwanja nikapandwa na mori, nikapaza sauti uwanja mzima usikie: "Dogo! Angalia mpira! Unamtafuta demu?"

Watu wakacheka. Timu yetu, timu yao, waliokaa ukutani, wote. Wale wanaoijua Iringa wanajua jinsi sauti inavyotembea katika hewa ile kavu.

Dakika moja baadaye akachezewa faulo ndogo, akaubamiza mpira chini ukaruka juu ya vichwa vya watu. Tekniko ya kwanza. Nikamtoa, nikamwacha benchi robo yote ya tatu, taulo kichwani. Robo ya nne tukawa nyuma kwa pointi tisa na mimi, mheshimiwa kocha, nikamfuata na dawa yangu ya siku zote: "Haya, nenda kawaonyeshe hizo hasira zako." Akaenda. Akafunga nane mfululizo. Zikiwa zimebaki kama dakika mbili, tumeachwa kwa pointi moja, alimkumba mlinzi aliyekuwa amesimama, mwamuzi akapuliza faulo ya mshambuliaji. Dogo akamsogelea mwamuzi akampigia makofi usoni, taratibu, matatu. Tekniko ya pili. Akafukuzwa.

Akavuka uwanja akatoka kwenye lile geti alilokuwa analiangalia. Wao wakafunga mtupo wao, wakaanza na mpira, tukafungwa kwa pointi nne. Mimi nilimkuta nje mbele ya gari, na mbele ya wenzake wote nikamwambia, "Umetuuza."

Tulisimama Makambako usiku kula. Upepo wa Makambako hauna adabu, kila mtu alikuwa amejikunja kwenye jiko la mishkaki. Dogo alibaki pembeni ya gari. Nikampelekea chipsi, si kwa wema, nilihofia asije akanizimikia njiani nikaulizwa na mama yake. Akapokea. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Kocha, mimi sikuwa natafuta demu."

Nikanyamaza.

"Mzee anakaa Iringa. Nilimpigia wiki iliyopita, akasema atakuja. Sijamuona tangu darasa la nne. Nilikuwa sijui kama nitamtambua."

Wadau, mimi kazi yangu ni kuuliza maswali. Nalipwa mshahara kwa kuuliza maswali. Nimemuuliza mkuu wa mkoa, nimemuuliza kamanda wa polisi, nimewauliza wakulima wa Mbarali bei ya mpunga. Kijana huyu nilikuwa naye miezi sita, na swali nililomuuliza ni moja tu, tena mbele ya umati, na lilikuwa la kumchekesha kila mtu isipokuwa yeye.

Sikuwa na la kusema. Nilimwambia pole. Akasema, "Poa, kocha." Kutoka Makambako hadi Uyole hakuna aliyezungumza na mwenzake, labda kwa usingizi.

Wiki tatu Dogo hakuonekana mazoezini. Wiki ya nne nikaenda kwao. Mama yake anauza ndizi jirani na Mafiati.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye kocha?"

"Ndiyo mama."

Akanitazama kwa muda. Akaniambia mwanaye hana shida, ila akikosea kitu anajiona amekosea vyote, na amekuwa hivyo tangu baba yake alipoondoka. Alidhani alikosea yeye. Akanifungia ndizi, akakataa hela.

Katika wiki zile tatu nilikuwa nimesoma na kutazama video nyingi. Nikamrudia Ron Artest. Wengi wetu tunamfahamu kwa usiku mmoja, 19 Novemba 2004, pale Auburn Hills, alipokuwa amejilaza kwenye meza ya wasimamizi, shabiki akamrushia kikombe cha kinywaji, naye akavamia jukwaa kupigana. Alifungiwa msimu wote uliobaki, mechi 86 ukijumlisha na za mtoano. Kipande hicho kila mtu anacho. Kipande ambacho sisi wa magazeti hatukipendi sana ni cha 17 Juni 2010. Lakers wamewafunga Boston mechi ya saba, Artest amefunga tupio la pointi tatu katika dakika za mwisho, amekuwa bingwa, anahojiwa uwanjani, na katika watu anaowashukuru anamtaja daktari wake wa akili. Watu walicheka. Mimi pia nilipoiona mara ya kwanza nilicheka. Safari hii sikucheka.

Kocha wake msimu ule alikuwa Phil Jackson, yule yule aliyekaa na Dennis Rodman Chicago kuanzia 1995 hadi 1998 wakabeba ubingwa mara tatu, pamoja na ule mwezi wa Januari 1997 Rodman alipompiga teke mpiga picha akafungiwa mechi 11. Siwezi kujilinganisha na Jackson hata kwa utani. Lakini niliona kwamba hakuna katika hao wawili aliyegeuzwa kuwa mtu mpole. Walibaki walivyo, ila walipata mtu wa kukaa nao.

Sisi daktari wa akili tunamfanyia nini? Tukisikia mtu anahitaji msaada wa aina hiyo tunasema "mpelekeni Mirembe," na tunamaanisha tusi. Hospitali ya watu wagonjwa pale Dodoma tumeigeuza mzaha wa kijiweni. Halafu tunashangaa kijana wa miaka 17 hasemi kinachomsumbua.

Sikumpeleka Dogo popote, wala sikuwa na uwezo huo. Nilifanya mambo mawili madogo. La kwanza, nilimwomba radhi mbele ya timu, maana nilimtukana mbele ya timu. Ilikuwa ngumu kuliko nilivyotarajia. Fundi pikipiki aliinama akachezea kamba za viatu vyake, na tangu siku hiyo sijasikia tena "ficheni kamba."

La pili linahusu sheria ya mchezo wenyewe. Kwenye soka ya mashindano ukitolewa ndiyo basi, huingii tena. Kikapu si hivyo. Mtu anatoka, anakaa, anarudi, hata mara kumi, mradi hajafikisha faulo tano wala hajafukuzwa. Mimi nilikuwa nimeugeuza mlango huu wa kutoka na kuingia kuwa jela. Nikamwambia Dogo: "Kuanzia leo ukiona inapanda, gusa kichwa. Nitakutoa. Si adhabu. Ukiwa tayari gusa tena, nitakurudisha." Akauliza, "Hata kama tunafungwa?" Nikasema hata kama tunafungwa. Akauliza tena, "Hata dakika ya mwisho?" Hapo nilimeza mate kwanza. Nikasema hata dakika ya mwisho.

Mwezi wa kwanza aligusa kichwa kila baada ya dakika tatu, ikawa kero. Wenzake wakalalamika kwamba namdekeza. Inawezekana walikuwa na haki. Nao walikuwa na shida zao na hakuna aliyewatengenezea ishara. Nikawaambia ishara ni ya wote. Bodaboda mmoja, mtu mzima mwenye watoto wawili, ndiye aliyefuata kuitumia. Sikumuuliza kwa nini. Aliniambia mwenyewe baada ya wiki mbili.

Oktoba 2022 Iringa wakaja Mbeya kurudisha mechi. Jua kali, vumbi, uwanja umejaa. Na mwamuzi, kwa bahati, hakuwa rafiki wa mtu. Dogo alikuwa na pointi 19 zikiwa zimebaki dakika tatu, tumeachwa kwa moja. Akachapwa mkono anaenda kufunga, filimbi kimya. Nikaona shingo yake inakaza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshafungua mdomo nimtukane mwamuzi.

Dogo akagusa kichwa.

Wadau, nitasema ukweli. Nusu yangu ilitaka kujifanya haijaona. Mchezaji wangu bora, dakika tatu, pointi moja! Watu wa Mbeya ukutani wanapiga kelele. Nikamtoa. Matusi niliyoyapata siyaandiki hapa. Alikaa, akafunika uso kwa taulo, mabega yanapanda na kushuka. Sikumsemesha. Ilipobaki dakika moja na sekunde kadhaa akaondoa taulo, akagusa kichwa. Nikamrudisha.

Mtupo wa mwisho ulikuwa wake. Aliruka vizuri, mkono wa kushoto, mpira ukazunguka ringi mara mbili ukatoka nje. Tulifungwa kwa pointi mbili. Nilijua kinachokuja, nikaanza kukimbia kumfuata. Alikuwa amesimama, mikono kiunoni, machozi yanatoka kama kawaida. Akafuta uso kwa jezi, akaenda kumpa mkono mwamuzi, kisha wapinzani mmoja mmoja. Mmoja wao, yule aliyemkumba Julai, akamkumbatia.

Alilia mpaka kwenye gari. Hakuna aliyecheka.

Najua mnataka kusikia kwamba sasa yuko Marekani. Hayuko. Alimaliza kidato cha nne, anajifunza ufundi wa umeme, Jumapili anacheza. Mwaka jana alipata tekniko moja, kwa hiyo hajapona, na sidhani kama ni ugonjwa wa kupona. Baba yake hakuja mechi ya Oktoba wala nyingine yoyote. Safari hii Dogo hakumpigia simu.

Mimi bado nafundisha timu ile, na bado nafokea waamuzi. Wiki mbili zilizopita nilikuwa nimesimama pembeni, nimeshavuka mstari, kidole juu, naelekea tekniko. Nikasikia sauti kutoka uwanjani: "Kocha! Kichwa!" Ni Dogo, ananionyesha nikae chini.

Nikaenda kukaa.

Mlionao wadogo zenu, wanafunzi wenu, vijana wenu wa kazini wanaolipuka hovyo, mmeshawauliza kinachowasumbua, au na ninyi mnawahesabia pushapu? Naomba kuwasilisha.